Upara Nyuma ya Sketi

Kwa Mama Mdogo, sare ya shule haikutoka dukani ikiwa imevaa uso wake. Ilitoka imegeuzwa ndani nje, mishono yote wazi, nyuzi zikionekana zilikoanzia na zilikoishia. Mteja mgeni akipewa mfuko alichungulia, akashtuka.

"Mama, mbona hii imegeuka?"

"Nimeigeuza mimi," Mama Mdogo alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kagua huko kwanza. Huko ndiko fundi anakoficha uvivu wake. Kwa nje, hata mwizi anajua kupiga pasi."

Lakini kabla ya kumfikia mteja, nguo ilipita kwa Taratibu. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake, binti wa miaka ishirini na moja, aliyekuja kuishi nao alipomaliza darasa la saba. Jina la Taratibu alipewa na Baba Mdogo, mume wa Mama Mdogo, siku aliyotumwa uzi mweusi akarudi baada ya saa nzima. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwa muuza nyuzi, analinganisha mweusi na mweusi juani. Baba Mdogo alimcheka wiki mbili. Uzi wenyewe haujachuja mpaka leo.

Alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, akavuta kila mshono kwa vidole gumba viwili, akahesabu pumzi kumi. Mshono usipolalamika ndani ya pumzi kumi, umepita. Ukilalamika, nguo inarudi kwa Mama Mdogo, na Mama Mdogo anafumua huku akijitukana mwenyewe.

Kazi ya pili ya Taratibu ilikuwa ukurasa wa duka kwenye mtandao. Mama Mdogo simu aliijua kwa kupokea na kukata tu. Mengine yote aliyaita mambo ya Taratibu. Binti ndiye aliyeufungua ukurasa huo miaka mitatu nyuma, akaweka picha za sketi na mashati, akajibu watu mmoja mmoja kwa kidole kimoja. Mwaka huu ukurasa ulizaa kazi kubwa kuliko zote: Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko aliagiza sare za watoto themanini. Wazazi walituma vipimo humo humo kwenye ukurasa. Kiuno, urefu, mabega. Wengi waliandika kwa sentimita. Baba mmoja alituma picha ya kamba yenye mafundo matatu, na maelezo: "Fundo la kwanza kiuno, mengine mtajua wenyewe."

Taratibu alivisoma vyote. Kuviandika daftarini hakuviandika. Vipo kwenye simu, alisema moyoni, vitakwenda wapi?

Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki tatu.

Sasa, upande wa pili wa ukuta wa duka kulikuwa na chumba cha Profesa. Alisomea wapi hakuna aliyejua, na aliyemuuliza aliambiwa "mbali." Alivaa koti jeupe la mtumba lenye jina la mtu mwingine limedariziwa mfukoni, jina la mwanamke, tena refu. Aliuza mafuta ya kuotesha nywele kwenye upara kwa siku ishirini na moja. Taratibu aliyajua mafuta yale kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na dirisha lake lilitazama uani: mafuta ya kupikia, majani ya aina yoyote yaliyokuwa karibu, na marashi ya kutosha kumliza mtu.

Tangazo la mafuta lilihitaji picha mbili, Kabla na Baada. Na Baba Mdogo, ambaye hakuwa na cha kujivunia ila nywele, alikuwa nazo za kutosha watu watatu. Alizichana asubuhi, mchana na akipita mbele ya kioo cha gari la mtu.

"Shemeji," Profesa alimwambia, "simu mpya kabisa. Ya kugusa. Nakupa tangazo likianza kuuza. Kazi yako ni kukaa tu."

"Kukaa tu?"

"Kukaa, na kunyolewa kidogo."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi walipiga picha ya Baada, Baba Mdogo anacheka na msitu wake kichwani. Halafu akaitwa kinyozi, mashine ikalia dakika kumi, na saa tano wakapiga picha ya Kabla, Baba Mdogo amenuna. Kununa kule hakuigiza.

Alipoingia nyumbani Mama Mdogo alimtazama kama mtu anayetazama sahani aliyorudishiwa na jirani, akajua si yake.

"Kichwa chako kiko wapi?"

"Si hiki."

"Hicho sikukubali kuolewa nacho."

"Zitaota, mke wangu. Nimepewa na chupa ya mafuta, bure."

Alipaka. Siku ya nane kikaota kipele.

Mtandao nao haukupokea tangazo. Kabla tangazo halijaonyeshwa kwa watu, hupita kwanza kwa wakaguzi wa mtandao, mashine na watu, wanaoangalia kama muuzaji hadanganyi. Mara ya kwanza Profesa aliambiwa asiahidi asichoweza kuthibitisha. Akafuta "siku ishirini na moja" akaandika "upesi sana." Mara ya pili akaambiwa picha za namna ile haziruhusiwi. Akazipindua, ya juu ikawa chini. Mara ya tatu ukurasa wake ukafungwa. Akafungua mwingine kwa jina la marehemu mjomba wake, ukafungwa kabla ya chai. Kelele zake zilipita ukutani zote.

"Wananionea! Mtu ana dawa, ana koti, wanataka nini tena?"

Ndipo alipomleta Waya. Waya alikuwa mtu mzima wa ndevu zenye mvi, mwembamba hivi kwamba akisimama kando ya mlango ulidhani mlango una ufa. Zamani alitengeneza redio. Sasa alisema anatengeneza mitandao, na kama redio zake zilivyokuwa, ulilipa kwanza halafu ukasikiliza kelele. Siku hiyo wanaume hao wawili na Baba Mdogo waliingia dukani Mama Mdogo akiwa ameenda kununua vitambaa. Walimkuta Taratibu na mshono wake.

"Mwanangu," Profesa alianza kwa sauti ya kubembeleza mtoto ameze kidonge, "ukurasa wenu huu, una miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Haujawahi kukosa hata siku moja?"

"Kukosa nini?"

"Umemwona?" Profesa alimgeukia Waya. "Hata hajui kukosa ni nini. Safi kama kikombe cha mgeni."

Waya akavuta kigoda, akamweleza binti mpango kwa utaratibu, maana aliona huyu hababaishwi na maneno ya haraka. Mafuta yatatangazwa kwa jina la duka la sare. Mtu akiligusa tangazo, kwanza anaona sketi. Sketi halisi, za Mama Mdogo, marinda na kila kitu. Sekunde kumi zikipita, sketi zinaondoka zenyewe na upara unaingia.

"Kwa nini sekunde kumi?"

"Kwa sababu mkaguzi hakai. Ana matangazo kama mchanga. Anachungulia, anaona sketi, anasema haya pita, anaondoka. Anayekaa ni mwenye shida na kichwa chake. Huyo ndiye wetu."

Taratibu akavuta mshono. Akahesabu pumzi kumi kabla ya kujibu, kama kawaida yake, na Profesa akadhani amekubali, akaanza kushukuru.

"Na mkaguzi akikaa?" binti akauliza.

Waya alicheka mpaka ndevu zikatingishika. "Akae afanye nini? Wewe unaweza kukaa unatazama sketi?"

Ndiyo, alitaka kusema. Kutwa nzima.

Lakini Baba Mdogo alikuwa amesimama nyuma yao, kofia ya sufu mpaka nyusini na jua lile, jasho linamtiririka, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyeuza shamba akisubiri kulipwa.

"Taratibu mwanangu. Siku tatu tu. Mama yako Mdogo wala hatajua. Mimi sina nywele, sina simu. Nitakuwa na nini?"

Hapo ndipo alipoteleza. Hakushawishiwa na Profesa, maana binti alimwona Profesa mpaka bitana. Alimwonea huruma mzee wa nyumba aliyemcheka wiki mbili kwa ajili ya uzi. Akampa Waya neno la siri la ukurasa. Usiku ule alikula nusu sahani, na Mama Mdogo akamuuliza kama tumbo linamsumbua.

Siku mbili za kwanza Profesa aliimba ukutani. Chupa zilitoka. Siku ya tatu asubuhi, Mama Mdogo akiwa anakata kola na Taratibu yuko kigodani, Mwalimu Mkuu aliingia dukani. Alikuwa mama mnene wa miwani, anayetembea kama kengele imeshalia na wewe ndiye uliyechelewa. Hakusalimia. Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki.

"Mama fundi, naomba unieleze. Nimeona tangazo lenu jana jioni. Nikasema ngoja niyatazame marinda vizuri, nihesabu kama ni manane au kumi. Nikavaa miwani. Nimefika rinda la sita, sketi ikaondoka. Nikaletewa hiki."

Mama Mdogo akainama. Kwenye simu, kikubwa, kinang'aa, kimenuna, kilikuwa kichwa cha mumewe.

Akakifuta kioo kwa kidole chenye chaki, kichwa kikabaki pale pale.

"Nilikuwa na kamati ya wazazi mezani," Mwalimu Mkuu akaendelea. "Mwenyekiti ana upara. Alidhani namtania."

Mama Mdogo hakumtafuta Baba Mdogo. Hakuutazama ukuta wa Profesa. Alimtazama Taratibu, na binti akaona afadhali angepigwa na kipimio cha mbao.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaazima ukurasa."

Akaeleza yote pale pale, sekunde kumi, wakaguzi, picha ya Kabla iliyopigwa baadaye. Alipofika kwenye simu aliyoahidiwa Baba Mdogo, simu ya duka ikalia kwenye droo. Akaitoa, akasoma. Ukurasa wa duka umefungwa kwa kuwaonyesha wakaguzi kitu kimoja na wateja kitu kingine. Mwenye malalamiko aandike mara moja tu; jibu litakalotoka ndilo la mwisho.

"Kumefungwa nini?" Mama Mdogo akauliza.

"Ukurasa."

"Na vipimo?"

"Vilikuwa humo humo," Taratibu akasema.

"Vipimo vya watoto wangu themanini?" Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Ni likizo! Nusu ya watoto hawapo, wako kwa bibi zao, wengine sijui hata ni bibi gani. Nitavipata wapi tena?" Akachukua simu yake. "Mama fundi, kazi yako naijua, ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Ijumaa mchana nikikuta vipimo, mnashona. Nisipovikuta, nanunua zilizoshonwa kiwandani, wenye viuno vidogo wafunge kamba."

Akaondoka. Ilikuwa Jumatatu.

Mama Mdogo alikaa. Vitambaa vya watoto themanini vilikuwa vimeshanunuliwa, vimerundikwa mpaka darini, na bluu ile hakuna anayeweza kuvaa nje ya shule bila kuonekana ametoroka darasani. Kazi ile ikienda, msimu umekwenda, na duka linaweza kuufuata.

"Lete mkeka niukunjue nilale," akasema. Kisha, "Hapana. Niletee hao wanaume."

Hawakuhitaji kuletwa. Walikuwa wamesikia yote ukutani na walikuwa mlangoni, Waya na karatasi tayari mkononi.

"Tulia, mama," Waya akasema. "Barua ya kulalamika nimeshaiandika. Nimeandika nyingi hizi. Mtu hapati kazi kama yangu bila kufungiwafungiwa."

"Soma."

Waya akakohoa. "Wapendwa wakaguzi. Mimi ni mjane mwenye watoto tisa…"

"Mjane?" Baba Mdogo akaruka. "Na mimi je?"

"Wewe umekufa, mzee. Ni kwa ajili ya huruma."

"Nimekufa na nini?"

"Sijaandika. Chagua."

"Kwa kichwa hicho," Mama Mdogo akasema, "watu watakisia."

Waya akaendelea. Ukurasa wa mjane uliibwa na watu wasiojulikana. Mjane hajui mafuta, hajui upara, hajawahi hata kumwona mwenye upara. Mjane analia. Karatasi nzima ilikuwa na machozi kiasi cha kufulia.

"Ni nzuri," Profesa akasema, na kwa kweli alikuwa ameguswa, akajifuta jicho na mkono wa koti. "Wataifungua tu. Na sisi tunapumzika wiki moja, halafu tunaweka sekunde ishirini badala ya kumi."

Taratibu alikuwa ameishika simu. Kisanduku cha kuandikia kilikuwa wazi, cheupe, mstari mdogo unapepesa. Alijua kwamba barua ya Waya inaweza kufaulu. Watu huibiwa kurasa kila siku. Alijua pia kwamba akikosea hapa, hakuna kufumua na kushona upya. Akamtazama Mama Mdogo, akitaka aambiwe.

Mama Mdogo alinyoosha mkono kwenye rundo, akachukua sketi moja iliyokwisha, akamrushia mapajani.

"Hii ukimpa mteja, unampaje?"

"Imegeuzwa."

"Basi mimi sijui kusoma mambo yenu. Nina mashati ya kukata."

Taratibu akageuka ukutani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Wanaume wakasubiri. Waya alimsomea tena mstari wa mjane akidhani amesahau. Binti hakunakili. Iliposhuka jioni alikuwa amemaliza, akasoma kwa sauti kwa sababu Mama Mdogo aliomba.

"Kwenu mnaokagua. Mimi ndiye niliyetoa neno la siri la ukurasa huu. Haukuibwa. Aliyeomba anauza mafuta ya nywele, ninyi mlishamfungia, nami nilijua. Walikuonyesheni sketi ili mpite, halafu watu wakaonyeshwa upara. Sketi ni zetu na ni za kweli. Upara ni wa mume wa mama yangu mdogo na ni wa kweli, lakini alinyolewa, hakuugua. Picha ya Baada ilipigwa saa tatu asubuhi, ya Kabla saa tano, siku hiyo hiyo. Mkizikuza mtaona shati ni lile lile na doa la chai liko pale pale. Neno la siri nimelibadilisha leo. Ndani ya ukurasa kuna vipimo vya watoto themanini. Mkitaka kutufungia tusitangaze, tufungieni. Ila vipimo naomba nivitoe. Mimi pia ni mkaguzi, wa mishono. Namjua anayekaa. Asante kwa kukaa."

Baba Mdogo akaangalia shati lake. Doa lilikuwepo bado.

"Unaniuza!" Profesa akapiga ukelele. "Unaniuza mzima mzima! Mtoto wa darasa la saba!"

"Sijakutaja jina, Profesa. Hata silijui."

Na hapo Profesa akakwama, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu yeyote mtaa mzima jina lake, na huu haukuwa wakati mzuri wa kuanza.

"Angalau ondoa doa la chai," Waya akaomba. "Doa la chai ni ushahidi."

Taratibu akabonyeza. Barua ikaenda.

Siku tatu zilizofuata Mama Mdogo hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtesa. Walishona vile visivyohitaji kipimo. Mifuko haina kiuno, kola wakakadiria, mikanda wakaacha mirefu. Waliunda mifuko mia moja na sitini, ikakaa mezani kama ndimi za watoto zimetolewa. Mchana Taratibu alizunguka nyumba za wazazi na futi shingoni. Akapata vipimo vya watoto kumi na wanne. Nyumba nyingine zilikuwa na kufuli. Nyumba moja alikutwa babu peke yake, akasema mtoto ana urefu wa kufika hapa, akaonyesha kitasa, kisha akafikiri, akaonyesha juu ya kitasa. Jioni binti alirudi, akaitazama simu, akairudisha. Baba Mdogo alipika siku zote tatu bila kuombwa. Vibaya, lakini alipika.

"Hawatajibu," akasema Jumatano, akikoroga. "Mtu akishaambiwa ukweli namna ile, anaona haya hata kujibu."

Ijumaa saa nne asubuhi simu ikalia. Taratibu alikuwa na mshono mkononi. Akahesabu pumzi zake kumi, mshono ukapita, akaiweka nguo chini. Mama Mdogo mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Wewe mtoto! Soma!"

Ukurasa umefunguliwa. Kutangaza, hapana, kwa siku tisini. Ukikutwa tena, utafungwa moja kwa moja. Ilikuwa mistari mitatu mikavu isiyo na pole wala asante, na hakuna popote ilipoonyesha kama aliyeisoma barua alikuwa mtu au chuma. Taratibu aliitafuta ishara hiyo mara mbili. Kisha akafungua daftari na kalamu ya wino, akaanza kunakili vipimo themanini, kiuno, urefu, mabega. Alipofika kwenye kamba ya mafundo matatu akaichora kamba yenyewe.

Mwalimu Mkuu alifika saa saba. Alipewa daftari, akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa amesimama. Akarudisha.

"Marinda?"

"Kumi," akasema Mama Mdogo.

"Nilijua ni kumi." Akamgeukia Taratibu. "Na wewe, mambo ya vichwa vya watu uyaache."

"Nimeacha, Mwalimu."

Alipotoka tu, Mama Mdogo akazungusha gurudumu la cherehani, akasema maneno ya kwanza marefu tangu Jumatatu. "Siku tisini bila kutangaza. Utapaza sauti dirishani. Na uanze na kusema samahani." Taratibu akasema samahani. "Si kwangu. Kwa ile bluu. Ilibaki kidogo nishone mapazia."

Walishona usiku na mchana, na shule ilipofunguliwa watoto themanini walipita mtaani wamevaa viuno vyao wenyewe.

Profesa alinyamaza wiki nzima. Waya alihama na kwenda kutengeneza mitandao ya watu wengine. Kisha asubuhi moja kulikuwa na ubao wa mbao nje ya mlango wa Profesa, umeandikwa kwa chaki, na kando yake Baba Mdogo amekaa kwenye kiti, bila kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kurudi, akazinyoa tena kwa hiari yake. Alisema kipele kimepona na upepo ameuzoea. Watu waliokuwa wamemwona kwenye simu zao walisimama kumtazama. Wengine walitoka njia ya mbali. Wakishacheka, waliulizia na sare, maana duka lilikuwa pale pale, na Mama Mdogo akasema tangazo la namna hii hakuna mwenye mamlaka ya kulifunga isipokuwa yeye.

Taratibu akatoka kuusoma ubao. "Mafuta ya kung'arisha upara. Matokeo papo hapo." Chupa zilikuwa zile zile.

Akasimama mbele ya kichwa cha Baba Mdogo, akakitazama. Profesa akangoja, mikono mfukoni.

"Haya, mkaguzi. Kuna kosa?"

Binti akainama karibu. Alihesabu. Kwenye upara ule aliona dirisha la duka, nguzo ya umeme, na uso wake mwenyewe umevutwa kama kijiko. Pumzi ya kumi ikapita.

"Hapa umesema kweli," akasema.

"Nimesema nini?" Profesa akashtuka.

"Kweli. Kinang'aa." Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wa koti jeupe, penye lile jina refu la mwanamke. "Labda hilo tu."

Profesa akalitazama jina kama ndiyo kwanza analiona. Akaguna, akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalivaa tena, jina likabaki upande wa ngozi. Mishono yote ikatoka hadharani, iliyopinda, iliyorukwa, na kwapa moja lililoshikiliwa na pini.

Dirisha la duka likafunguka kwa kishindo.

"Uwii!" Mama Mdogo akaita. "Nani alikushonea takataka hiyo? Vua! Vua ulete hapa!"